Kinu cha kioo, kisagio cha umeme, mawimbi ya sauti au sindano: kipi cha kusagia matamvua ukitaka kimeng'enya cha utando kibaki kizima?

Kaa wa mikoko amefika kutoka Ngomeni, angali hai ndani ya gunia lililoloweshwa, na kazi ya siku ni kupima pampu ya sodiamu na potasiamu iliyo kwenye utando wa seli za matamvua yake. Hiyo ndiyo pampu inayomwezesha kaa kuishi leo kwenye maji ya bahari na kesho kwenye maji yaliyopoa chumvi karibu na mdomo wa mto Sabaki. Jens Christian Skou aliigundua mwaka 1957 kwenye neva za miguu ya kaa wa pwani ya Denmaki, akapata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1997. Pampu haitoki bila seli kuvunjwa, na hapo ndipo ubishi unapoanza: uvunje kwa chombo gani?

Jibu linalosikika sana ni hili: chagua chombo laini kabisa, kwa kuwa nguvu nyingi zitararua kimeng'enya. Ushauri huo una ukweli nusu, na nusu iliyobaki imewapotezea watu sampuli nyingi. Kwa kawaida kani ya mkato hairarui kimeng'enya chenyewe. Inararua seli, na kimeng'enya kinaharibiwa na mambo yanayoandamana na mkato: povu, joto, kung'olewa kutoka kwenye mafuta yake, na vimeng'enya vingine vinavyofunguliwa kutoka vifungoni. Ukilinganisha vyombo kwa ukali wa mkato peke yake utachagua vibaya. Ukivilinganisha kwa hayo yanayoandamana, uchaguzi unakuwa mwepesi.

Kwa nini seli hukatika na kimeng'enya hakikatiki

Mkato hutokea pale tabaka moja la maji linapokwenda kasi kuliko tabaka la jirani. Mtu aliyepita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakitoka, anaujua. Mashua ikiwa na omo ndani ya mkondo na tezi kwenye maji yaliyotulia hupinduliwa kwa nguvu. Kifuu cha nazi kikipita hapo hapo huzunguka kidogo tu na kwenda zake. Mkondo ni ule ule, ila mashua imeshika maji ya kasi mbili kwa pamoja, na kifuu ni kidogo mno kuzifikia zote mbili.

Kwa hesabu: bafa ya sukari, yaani maji ya kusagia ambayo pH yake haibadiliki ovyo, kwenye nyuzi 4 za Selsiasi ina mnato wa karibu milipaskali-sekunde 1.8. Kima cha mkato, yaani tofauti ya kasi ya matabaka mawili ikigawanywa kwa umbali kati yao, kikiwa 100,000 kwa sekunde, mkazo unakuwa karibu paskali 200. Seli nyekundu za damu hupasuka kwenye paskali 150 hivi zikikaa humo dakika mbili, kwa hiyo tuko mahali pa kuvunja seli. Sasa zidisha mkazo huo kwa eneo. Seli yenye upana wa mikromita 10 inapata kani ya karibu pikonyutoni 20,000. Protini yenye upana wa nanomita 10 inapata pikonyutoni 0.02. Kung'oa protini kutoka kwenye utando kwa ncha ya darubini ya kani ya atomu, kama ilivyofanyika kwa bakteriorodopsini, kulihitaji pikonyutoni 100 hadi 200. Tofauti ni mara elfu kadhaa. Mwaka 2006 Jaspe na Hagen walipitisha saitokromu c kwenye mrija mwembamba kwa vima vya mkato vinavyofika 200,000 kwa sekunde na protini haikukunjuka. Makadirio yao yalikuwa kwamba ingehitajika kufika karibu 10,000,000 kwa sekunde.

Kwa hiyo matokeo yakishuka baada ya kusaga sana, usiseme haraka kwamba mkato umekunjua kimeng'enya. Tafuta kwanza mambo manne.

La kwanza ni povu. Mahali hewa inapokutana na maji, protini hutandazwa, upande wake wa mafuta ukielekea hewani, na kila kiputo kikipasuka huacha vipande vilivyokunjuka na kushikamana. Ukiona utepe mweupe juu ya rojo la tishu iliyosagwa, hiyo ni protini iliyokwisha kufa. Povu ni baya zaidi ukiwa umetia sabuni mapema, kwa hiyo sabuni huingia baada ya kusaga.

La pili ni joto. Chumba kisicho na kipoza hewa Malindi mwezi wa Machi kinafika nyuzi 31 bila shida, na chombo cha umeme kinaongeza lake. Pampu yenyewe inastahimili nyuzi 25 za kipimo. Wanaofaidi joto zaidi ni vimeng'enya vinavyokata protini, vilivyotoka kwenye vifuko vyao seli zilipopasuka. Ndiyo maana ukimfungua kaa usitoboe ini lake, ule ute wa manjano chini ya gamba, kwa kuwa limejaa vimeng'enya vya kusaga chakula. Tone moja likigusa matamvua, suuza mara moja kwa bafa baridi au uache tamvua hilo.

La tatu ni kutengana. Kimeng'enya kilichopita utando mara kumi, kama sehemu kuu ya pampu hii, hakiondoki kwa kusukwasukwa. Lakini vimeng'enya vilivyoshikamana na uso wa utando tu huondoka. Mfano bora ni kichwa cha kimeng'enya kinachotengeneza ATP, ile kemikali inayobeba nishati ya seli, kwenye mitokondria. Kikundi cha Efraim Racker kilikibandua mwaka 1960 kwa kutikisa mitokondria pamoja na shanga za kioo. Kikiwa kwenye utando, kichwa hicho hukaa kwenye barafu bila neno. Kikibanduliwa, baridi ndiyo inayokiua, na joto la chumba ndilo linalokihifadhi. Anayesaga kwa nguvu kisha akaweka kwenye barafu, kama tulivyofundishwa sote, anakiua kwa uangalifu wake mwenyewe. Uthabiti wa kimeng'enya cha utando hauko ndani ya protini peke yake, uko pia kwenye mafuta na sehemu zilizokizunguka.

La nne ndilo linalodanganya kuliko yote: kimeng'enya kizima kilichojificha. Utando ukikatika haubaki na kingo wazi, hujifunga kuwa vifuko vidogo. Pampu inahitaji ATP upande wa ndani wa seli na potasiamu upande wa nje, na wabaini, sumu tunayotumia kuizuia, nayo hushika upande wa nje. Kifuko kikifungwa, kwa mwelekeo wowote, upande mmoja haufikiki. Kusaga zaidi hutoa vifuko vidogo zaidi na vilivyofungika vizuri zaidi, kwa hiyo kipimo kinashuka na mtu anadhani ameua kimeng'enya. Dawa yake ni kupima sampuli ile ile mara mbili, bila sabuni na kwa asilimia 0.1 ya sodiamu diokisikoleti. Kipimo kikipanda kwa sabuni, kimeng'enya kilikuwepo. Kisipopanda, kimekufa kweli au kimepotelea njiani. Usizidishe sabuni hiyo, kwa sababu ikizidi mafuta yanaondoka na pampu inaanguka.

Wabaini, kwa wasioijua, ni jamaa wa karibu nyumbani. Ni sumu ya miti ya jamii ya Acokanthera, ile ile iliyopakwa kwenye mishale ya Wagiriama na Wawaata waliowinda ndovu nyuma ya Malindi. Milimola 0.5 inatosha kuzuia pampu kwenye kipimo. Vaa glavu, na usiipime kwa mkono mtupu.

Bafa na maandalizi, yaleyale kwa vyombo vyote

Bafa: sukrosi milimola 150, EDTA milimola 10, imidazoli milimola 50, pH 7.3. EDTA hunyakua madini ambayo baadhi ya vimeng'enya vya kukata protini huyategemea. Gliseroli huhifadhi protini, ila asilimia 20 yake karibu huongeza mnato mara mbili, na mkazo wa mkato hupanda nao. Itie baada ya kusaga, wakati wa kuhifadhi.

Mzimishe kaa kwenye mchanganyiko wa barafu na maji kwa dakika 20 hadi 30. Toa matamvua ya nyuma, jozi tatu za mwisho, kwa sababu huko ndiko pampu ilikojazana. Ya mbele kazi yake kubwa ni kupumua. Kwa samaki, kwangua nyuzi za matamvua kutoka kwenye mfupa wake kwa wembe. Kata kwa mkasi hadi vipande vya milimita 1 hadi 2 na weka gramu 0.5 kwenye mililita 5 za bafa. Usiweke tishu moja kwa moja kwenye barafu ya samaki iliyotiwa chumvi. Barafu hiyo iko chini ya sifuri na itagandisha seli taratibu, nazo zitapasuka kabla hujaanza.

Kinu cha kioo chenye mchi wa tefloni

Hiki ndicho kinu cha Potter na Elvehjem cha mwaka 1936, na kwa kazi nyingi za utando bado hakijapata mshindani. Ni kinu na mchi kweli: mrija wa kioo na mchi wa tefloni unaozungushwa na mota, huku mkono ukipandisha na kushusha mrija. Pengo kati yao ni milimita 0.1 hadi 0.15.

Watu hutazama kasi ya mota na kusahau mkono. Chukua mchi wa milimita 20 unaozunguka mara 500 kwa dakika. Uso wake unakwenda nusu mita kwa sekunde, na kwa pengo la milimita 0.1 kima cha mkato ni kama 5,000 kwa sekunde. Sasa usukume kwa mkono, sentimita 2 kwa sekunde. Maji yote yaliyo chini ya mchi lazima yapite kwenye pengo lile jembamba, yanafika mita 1 kwa sekunde, na kima cha mkato kwenye ukuta ni karibu 60,000. Kwa hiyo mkono unakata mara kumi na zaidi kuliko mota. Kima hicho hupanda kwa kadiri ya kasi ya mkono, lakini kwa pengo hupanda kwa mraba: pengo likipungua kuwa nusu, mkato unakuwa mara nne. Hii ndiyo sababu watu wawili wenye kinu kimoja, mota moja na bafa moja hupata matokeo mawili.

Hesabu ya mraba inaeleza pia tatizo la joto la pwani. Tefloni hutanuka sana kuliko kioo. Mchi uliotengenezwa kufaa nyuzi 20 ukipozwa hadi 4 husinyaa, na pengo la 0.10 linakuwa 0.12. Mkato unapungua kwa karibu theluthi moja. Mchi uliokaa mezani kwenye nyuzi 31 ukiingizwa kwenye mrija baridi hufanya kinyume, unabana na hata kukwama, na wengi wamevunja mrija wakilazimisha. Poza mchi na mrija pamoja, dakika 10 kwenye barafu, kila mara.

Utaratibu: mizunguko 500 kwa dakika, mishuko 8 hadi 10, kila mmoja sekunde 3 au 4. Baada ya mishuko mitano pumzisha sekunde 30 kwenye barafu. Mchi usitoke juu ya rojo, na usiuvute juu kwa ghafla. Chini yake shinikizo hushuka, viputo huzaliwa, na povu ulilokuwa ukilikwepa unalitengeneza mwenyewe. Mchi ukianza kuvuta nyuzi kama bamia, viini vimepasuka na DNA imetoka. Simama hapo, maana rojo limekuwa zito na kila mshuko unaoongeza unakata zaidi kuliko ule wa kwanza.

Udhaifu wake kwetu ni gamba. Matamvua ya kaa yamefunikwa kwa ngozi ya kaitini, nyembamba lakini ngumu, na mchi wa tefloni huisukuma pembeni bila kuikata. Kwa samaki hakuna shida hiyo.

Kinu cha mkono cha kioo kwa kioo

Kinu cha Dounce hakina mota. Kina michi miwili ya kioo yenye kichwa cha mviringo, mmoja mlegevu wenye pengo la karibu milimita 0.1, mwingine wa kubana wa karibu 0.05. Kwa mchi wa milimita 15 ukishushwa sentimita 2 kwa sekunde, mlegevu unatoa karibu 45,000 kwa sekunde na wa kubana karibu 180,000. Kwa namba, mchi wa kubana ni mkali kuliko hata kisagio cha umeme tutakachokiona, na hata hivyo hiki ndicho chombo laini kuliko vyote kwa vimeng'enya. Hakileti joto, hakileti povu mkono ukiwa mtulivu, na kila tone linapita mara chache zinazohesabika.

Mishuko 10 kwa mlegevu, kisha 5 hadi 10 kwa wa kubana, yatosha kwa nyuzi za matamvua ya samaki. Kila mchi umelinganishwa na mrija wake na aliyeutengeneza. Ukichanganya seti mbili pengo unalolijua limepotea. Gamba la kaa likiingia hukwama kati ya kioo na kioo, unga wa kioo huanguka kwenye rojo, na kinu hakirudi kama kilivyokuwa. Stima ikipotea katikati ya kazi, ni hiki tu kinachoendelea.

Kisagio cha umeme chenye ncha ya visu

Ncha inayozunguka ndani ya ganda lenye madirisha. Kipande cha milimita 10 kikizunguka mara 20,000 kwa dakika kinakwenda mita 10 na zaidi kwa sekunde, na kwa pengo la milimita 0.25 kima cha mkato ni karibu 42,000. Tazama: ni chini ya kinu cha mkono. Kama namba hiyo ingetosha kuchagua, kisagio hiki kingeitwa laini. Ukali wake unatoka kwingine. Rojo linapita kwenye pengo tena na tena, mara nyingi kwa nusu dakika. Mtiririko ni wa vurugu, wenye migongano isiyohesabika kwa njia hii. Na joto ni kubwa: wati 50 zikiingia kwenye mililita 20 kwa sekunde 30 hupandisha nyuzi 18, kutoka 4 hadi 22, na ncha yenyewe huwa moto zaidi.

Hata hivyo kwa gamba la kaa hakuna kinachokishinda. Tumia mizunguko 12,000 hadi 15,000, sekunde 10 mara tatu, ukipumzisha dakika nzima kwenye barafu kati yake. Zamisha ncha theluthi mbili za kina cha rojo kabla ya kuwasha na uzime kabla ya kuitoa. Tumia mrija mwembamba uliojaa badala ya bika pana, kwa sababu kwenye bika rojo huzunguka kama kizingia na kuvuta hewa hadi kwenye visu. Kwa sababu hiyo hiyo blenda ya jikoni haifai kazi hii hata ikiwa ya kasi ya chini. Inavuta hewa tangu sekunde ya kwanza.

Mawimbi ya sauti

Kwa pampu ya matamvua, kiweke mwisho. Ncha ya titani inayotetemeka mara 20,000 kwa sekunde huzaa viputo vinavyojiporomokea. Ndani ya kiputo kinachoporomoka joto hufika maelfu ya nyuzi kwa kitambo kidogo mno, vijito vya maji hurushwa kwa kasi kubwa, na vipande vikali vya kemikali huzaliwa na kuoksidisha protini na mafuta. Hapa mkato ni wa kweli na wa kikatili, na hauji peke yake. Wati 20 kwenye mililita 5 kwa sekunde 10 tu huongeza karibu nyuzi 10. Vifuko vinavyotoka ni vidogo sana, utando wake umepindwa kupita kiasi, na kimeng'enya kilichojificha ni kingi. Ncha nayo humomonyoka na kuacha unga wa kijivu.

Chombo hiki kina kazi yake halali: ukitaka vifuko vya mitokondria vilivyogeuzwa ndani nje, ndicho kinachotumika. Ukilazimika kukitumia kwa matamvua, sekunde 5 kuwasha na 25 kuzima, mara sita, mrija ukiwa ndani ya barafu yenye maji, na ncha isiguse ukuta wala kukaribia uso. Ukisikia sauti imebadilika kuwa ya kukwaruza na rojo limegeuka maziwa, hewa imeingia. Simamisha.

Sindano

Hii haithaminiwi inavyostahili. Kwenye duka lolote la dawa Malindi au Lamu utapata sindano ya kijani, ya buluu na ya rangi ya chungwa, yaani namba 21, 23 na 25. Matundu yake ni karibu milimita 0.51, 0.34 na 0.26. Ukisukuma mililita 1 kwa sekunde 5, kijani inatoa kima cha mkato cha karibu 15,000 kwenye ukuta na ya chungwa karibu 116,000. Mkato hupanda kwa mchemraba wa wembamba wa tundu, kwa hiyo hatua moja ya rangi si jambo dogo. Tone hukaa ndani kwa sehemu ndogo tu ya sekunde.

Haisagi tishu, maana itaziba mara moja. Kazi yake ni kulainisha rojo lililokwisha kuchujwa, kukata nyuzi za DNA, au kusawazisha ukubwa wa vifuko: kijani mara 5, kisha buluu mara 5. Toa hewa yote kwenye bomba kwanza, na ncha ya sindano iwe ndani ya rojo unapovuta na unaposukuma.

Kugandisha na kuyeyusha hutajwa pia kama njia. Hakuna mkato hapo, kuna fuwele za barafu, na matokeo hubadilika kila mara kwa kasi ya kuganda. Friza ya nyumbani ya nyuzi hasi 18 ndiyo mbaya zaidi kwa kuwa huganda polepole.

| Chombo | Kima cha mkato kwa sekunde | Joto | Povu | Gamba la kaa |
|---|---|---|---|---|
| Kinu cha tefloni | karibu 60,000 (mkono), 5,000 (mota) | dogo | dogo ukiwa mtulivu | hushindwa |
| Kinu cha mkono, mlegevu | karibu 45,000 | hakuna | dogo | hukwama |
| Kinu cha mkono, wa kubana | karibu 180,000 | hakuna | dogo | huvunjika |
| Kisagio cha umeme | karibu 42,000, tena na tena | nyuzi 18 kwa nusu dakika | kubwa | huweza |
| Mawimbi ya sauti | hakihesabiki kwa pengo | nyuzi 10 kwa sekunde 10 | kubwa | kwa sehemu |
| Sindano kijani / chungwa | karibu 15,000 / 116,000 | hakuna | hakuna, bila hewa | huziba |

Tungechagua kipi

Kwa samaki: kinu cha mkono, mlegevu kisha wa kubana. Kwa kaa: kisagio cha umeme sekunde 5 hadi 10 kwa kasi ya chini, mara moja tu, kuvunja gamba, kisha kuchuja kwa tabaka mbili za shashi ya vidonda, kisha mishuko mitano ya kinu cha tefloni. Mchanganyiko huo unakipa kila chombo kazi inayokifaa na unakinyima muda wa kudhuru. Kwa vimeng'enya vilivyoshikamana na uso tu wa utando, ondoa kabisa kisagio na sauti, na jaribu kuhifadhi kwenye barafu na kwenye joto la chumba kwa pamoja kabla ya kuamua.

Usitegemee namba za mishuko za mtu mwingine, zikiwemo hizi. Saga rojo moja, na baada ya mishuko 5, 10, 15 na 20 toa mikrolita 100. Pima shughuli ya pampu inayozuiwa na wabaini, kwa nyuzi 25 na mwanga wa nanomita 340, bila sabuni na kwa sabuni, pamoja na laktati dihaidrojinasi, kimeng'enya cha maji ya ndani ya seli, inayoonyesha seli ngapi zimepasuka. Dihaidrojinasi ikiacha kupanda, seli zimekwisha na kila mshuko unaofuata ni hasara tupu. Kama kipimo cha sabuni kinashuka wakati huo, ndipo una haki ya kusema kusaga kunaua. Kujua kama kimeng'enya kimekufa au kimebanduka, zungusha rojo kwa mara 100,000 ya mvuto wa dunia kwa saa moja. Kilichobanduka utakikuta kwenye maji ya juu, kikiwa bado kinafanya kazi, na kilichokufa hutakikuta popote. Mashine ya kasi hiyo ikikosekana, ya mara 16,000 kwa dakika 30 itashusha vipande vikubwa tu, kwa hiyo usiite "kilichobanduka" kila kinachobaki juu.

Kama kaa yuko Lamu na mashine ziko Malindi

Kishawishi ni kusaga Lamu kwa kinu cha mkono na kusafirisha rojo kwenye barafu. Ni njia mbaya kuliko zote tatu zilizopo. Kuna boti hadi Mokowe, kisha saa kadhaa za barabara, na rojo likiwa kwenye kichupa kilichojaa nusu linapigwa na hewa njia nzima. Hakuna kinu kinachotoa povu kama hilo. Njia bora ni kumsafirisha kaa mwenyewe, hai, miguu imefungwa, ndani ya gunia bichi lenye majani ya mkoko, kivulini. Ya pili ni kukata matamvua na kuyagandisha ghafla kwa barafu kavu yakiwa kwenye bafa, bila kuyasaga. Na kama rojo limekwisha kusagwa na halina budi kusafiri, jaza kichupa hadi ukingoni, funika hadi kifuniko kisukume tone la mwisho nje, kilaze kwenye barafu iliyoanza kuyeyuka, na ukifika pima kabla ya kufanya jambo jingine lolote.